Dakika thelathini, mara mbili kwa wiki

Simu ilikuwa katikati ya meza, na sauti ya mkalimani ilitoka humo ikikatikakatika. Mwanamke, nadhani Mkenya kwa lafudhi. Watu sita wa shule, hapa Ohio, Marekani, walikuwa wametuzunguka mimi na mke wangu. Mmoja akazungumza kwa muda mrefu, kisha mkalimani akasema: "Wanapendekeza mtoto wenu aingie kwenye programu maalumu."

Mke wangu akanigeukia, uso umechanua.

Sisi ni watu wa Morogoro. Ukimtajia mtu wa Morogoro shule na neno maalumu kwa pamoja, anachosikia ni Mzumbe, au Kilakala kama mtoto ni wa kike. Shule za serikali za wenye vipaji maalumu. Kaka yake mke wangu alipochaguliwa kwenda Mzumbe, baba yao alichinja mbuzi. Kwa hiyo tuliposikia mtoto wetu wa miaka mitano, ambaye alikuwa hasemi, amepewa programu maalumu, tulidhani wameona kitu ndani yake ambacho sisi hatukukiona. Tukashukuru, tukasaini palipowekewa alama ya njano, tukawapa mkono mmoja mmoja.

Wiki mbili baadaye basi la njano lilikuja mlangoni kumpeleka shule nyingine, mbali na dada yake, kwenye darasa la watoto wanane wenye ulemavu. Hapo ndipo tulipoelewa tulichosaini.

Ninaandika haya kwa sababu tangu siku ile wazazi wengi wanaosema Kiswahili, hasa ndugu zetu Wakongo waliopitia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma kabla ya kufika hapa Ohio, wamenibishia hodi na bahasha mkononi. "Papa, unisaidie kusoma hii karatasi." Karatasi ni zilezile. Na kosa karibu kila mara ni lilelile nililofanya mimi: tunawaheshimu walimu mpaka tunanyamaza, na kunyamaza kwetu kunaandikwa kuwa tumekubali.

Nianzie mbali kidogo.

Mtoto wetu alipofika miaka mitatu alikuwa na maneno manne: maji, gari, mama, na hapana. Bibi yake akisikia kwenye simu alikuwa anatutuliza: watoto wa kiume huchelewa kusema, baba yenu mdogo alisema akiwa na miaka minne na leo anahubiri. Tulitaka sana kuamini. Lakini hakuwa anachelewa kusema tu. Alikuwa hanyooshi kidole kuonyesha anachokitaka. Ukimwita jina hageuki, ila ukifungua pakiti ya biskuti chumba cha pili anakuja mbio. Masikio yalikuwa mazima.

Alipoanza chekechea nilimfuata mwalimu wake koridoni nikamwambia nina wasiwasi na mwanangu. Alinisikiliza kwa upole. Akasema watoto wanaozungumza lugha nyingine nyumbani huwa na kipindi cha ukimya, tumpe muda ajifunze Kiingereza. Nikaridhika. Ilikuwa Oktoba. Januari mtoto alikuwa palepale.

Niseme wazi kwamba alichosema mwalimu yule kipo kweli. Watoto wengi huingia lugha ya pili kwa ukimya. Na sheria ya Marekani inakataza mtoto kuhesabiwa kuwa na ulemavu pale ambapo sababu kubwa ya matatizo yake darasani ni kutojua Kiingereza. Ni katazo jema. Jirani yetu mmoja lilimwokoa. Binti yake wa miaka saba alionekana ana tatizo la lugha kwa sababu alikuwa akimtaja mama yake kwa neno la Kiingereza la mwanamume, na hakuwa akiweka alama ya wingi mwishoni mwa majina. Nilipoombwa kusema chochote katika kikao chao, nilieleza kitu kimoja tu: Kiswahili hakina neno la "yeye" wa kiume na "yeye" wa kike, na wingi wetu unakaa mbele ya neno, kitabu vitabu, mti miti. Mtoto yule alikuwa anaongea Kiingereza kwa mifupa ya Kiswahili. Nyumbani alikuwa anasimulia hadithi ndefu hadi mama yake anamwambia anyamaze wale. Mtaalamu wa matamshi na lugha aliandika yote hayo, akamwondoa kwenye orodha yake.

Kwa mtoto wangu mambo yalikuwa kinyume. Tatizo halisi la lugha halichagui lugha. Kama lipo, litaonekana kwenye Kiswahili pia, na mtu pekee anayeweza kusema mtoto yukoje kwa Kiswahili ni aliye nyumbani naye. Hakuna aliyetuuliza. Nasi hatukusema kwa sababu tulidhani wanajua. Mzazi mwenzangu unayesoma hapa, kama mtoto wako hasemi kwa Kiswahili wala kwa Kibembe wala kwa lugha yoyote ya nyumbani, usikubali kuambiwa usubiri Kiingereza. Kaa chini uhesabu maneno yake, uyaandike, uende nayo.

Na ukienda, nenda na barua. Kwetu neno la mtu mzima linatosha. Nikikwambia jambo ana kwa ana nimekwambia. Hapa maneno yangu ya koridoni hayakuacha alama popote. Mwezi Januari mama mmoja Mghana niliyekuwa nafanya naye kazi ghalani aliniambia: andika, weka tarehe, baki na nakala. Niliandika mistari mitano. Naomba mwanangu afanyiwe tathmini kamili ya elimu maalumu kwa sababu hizi na hizi. Siku chache baadaye ikaja fomu ya ridhaa. Ukishairudisha na sahihi yako, saa inaanza kuhesabu: kwa sheria ya taifa ni siku 60 tathmini iwe imekamilika, ingawa majimbo yanaweza kujiwekea hesabu yao. Mtoto akionekana anastahili, kikao cha kuandika mpango wake kinatakiwa kifanyike ndani ya siku 30. Gharama yote ni ya wilaya ya shule. Usipokubaliana na matokeo, una haki ya kuomba mtaalamu wa nje apime upya, na wilaya ama ilipie ama iende kwenye shauri ithibitishe kwamba kipimo chake kilitosha.

(Neno wilaya lisikupoteze. Hapa hakuna mkuu wa wilaya. Wilaya ya shule ni mamlaka yenye bodi inayochaguliwa na wakazi, na sehemu kubwa ya fedha zake hutoka kwenye kodi ya nyumba na ardhi za eneo hilohilo. Ndiyo maana ukivuka barabara moja huduma zinaweza kubadilika.)

Sheria yenyewe, ile ya taifa ya elimu ya watoto wenye ulemavu, kwa kifupi inaitwa IDEA. Nilikuwa naiona kama ukarimu wa Wamarekani kwetu wageni mpaka niliposoma ilikotoka. Kabla ya mwaka 1975 watoto wapatao milioni 1 wenye ulemavu nchini humu walikuwa wamefungiwa kabisa nje ya shule za umma. Marekani hiihii. Majimbo yalikuwa na sheria zinazoruhusu shule kumkataa mtoto. Wazazi wa Pennsylvania wenye watoto wenye ulemavu wa akili walilipeleka jimbo lao mahakamani, na huko Washington, D.C. ikafunguliwa kesi kama hiyo kwa niaba ya watoto saba. Hukumu zilitoka mwaka 1972. Miaka mitatu baadaye, tarehe 29 Novemba 1975, Rais Gerald Ford alisaini sheria iliyosema kila mtoto mwenye ulemavu ana haki ya elimu ya bure inayomfaa. Mwaka 1990 ikapewa jina la sasa. Kwa hiyo kiti cha mzazi pale mezani kilipatikana kwa wazazi kubishana na serikali. Katika orodha ya wajumbe wa kikao, kanuni zinamtaja mzazi wa kwanza, kabla ya mwalimu wa darasa la kawaida, mwalimu wa elimu maalumu, mwakilishi wa wilaya na mtu wa kufafanua vipimo. Ukikaa kimya pale, kikao kimepungukiwa na mjumbe wake wa kwanza.

Fedha ni habari nyingine. Serikali ya taifa iliahidi kuchangia hadi asilimia 40 ya wastani wa gharama ya mwanafunzi kwa ajili ya elimu hii, na ahadi hiyo haijawahi kutimia. Mzigo uliobaki umewaangukia majimbo na wilaya. Nalitaja hili ili uelewe kwa nini mtu mwema kabisa, mwenye huruma usoni, anaweza kukupunguzia mtoto dakika.

Ndiyo, dakika. Mpango wa mtoto, ambao kila mtu hapa anauita IEP, unaweza kuwa na kurasa ishirini. Karibu zote zimejaa maneno ya sheria. Lakini kuna ukurasa mmoja wenye jedwali: huduma gani, nani anaitoa, wapi, dakika ngapi, mara ngapi kwa wiki. Ukiwa na muda wa kusoma ukurasa mmoja tu, soma huo. Mpango wa kwanza wa mwanangu ulikuwa na dakika 30 za mtaalamu wa lugha, mara moja kwa wiki, ndani ya kikundi cha watoto wanne. Mtoto asiye na maneno, nusu saa kwa wiki, agawane na wengine watatu! Fanya hesabu mwenyewe.

Pembeni ya dakika, angalia malengo. "Atawasiliana vizuri zaidi" si lengo, kwa sababu huwezi kuja mwezi Mei ukasema limefikiwa au halikufikiwa. "Ataomba msaada kwa neno au picha mara 4 kati ya 5" ni lengo. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya mtoto wa Colorado mwenye usonji (autism) inayojulikana kama Endrew F., ilikataa hoja kwamba yatosha mpango umletee mtoto manufaa kidogo tu, hata kama ni kiduchu. Majaji wote walikubaliana. Mpango lazima uweze kumsogeza mbele kwa kiasi kinacholingana na hali yake. Nimeitaja kesi hiyo mezani mara moja tu, kwa sauti ya chini, na niliona kalamu zikitembea.

Sasa kuhusu lile darasa la watoto wanane.

Nisingependa msomaji afikiri lilikuwa darasa baya. Mwalimu wake alikuwa mvumilivu kuliko mimi baba mtu. Picha zilikuwa ukutani kwa kila jambo la siku, kuanzia kuvua koti hadi kwenda nyumbani, na mwanangu, ambaye kutokujua kinachofuata kulikuwa kunamtesa, alianza kutulia ndani ya mwezi mmoja. Mimi nilipenda. Nikilinganisha na nilikotoka, nilipenda sana. Mtaani kwetu kulikuwa na kijana wa rika langu ambaye mlango wa chumba chake cha nyuma ulifungwa kila wageni walipokuja. Tulimjua kwa sauti. Sikuwahi kumwona amevaa sare ya shule. Kwangu mimi darasa la joto lenye walimu watatu lilikuwa neema, na nilimwambia mke wangu tusiombe zaidi ya hapo, wasije wakachoka nasi.

Mke wangu alikwenda kukaa darasani siku nzima. Aliporudi alisema kitu ambacho sikuwa nimekifikiria: "Hakuna anayesema mle ndani. Atamwiga nani?" Mwanetu alikuwa ameanza kuiga sauti, nyumbani alikuwa anarudia mwisho wa maneno ya dada yake. Mle darasani, nje ya walimu, hakukuwa na mtoto wa kumrudia. Walikula kabla ya wengine, walicheza baada ya wengine kuingia ndani. Mwezi mzima alikuwa hajagusana bega na mtoto asiye na ulemavu.

Tulibishana kwa wiki kadhaa. Yeye alitaka darasa la kawaida. Mimi niliogopa watamcheka, atapotea kwenye kelele za watoto ishirini na watano. Kilichotusaidia ni kugundua kwamba tulikuwa tunabishania vitu viwili wakati viko vingi. Sheria inaitaka wilaya iwe na ngazi nzima: darasa la kawaida pamoja na msaidizi au vifaa, darasa la kawaida na vipindi vichache kwenye chumba cha msaada, darasa tofauti kwa sehemu kubwa ya siku, shule tofauti, masomo nyumbani, masomo hospitalini. Na inataka kuanza kwa kuuliza swali la juu kabisa: je, akiwezeshwa, anaweza kukaa na wenzake? Ni baada ya kujibu hapana, kwa sababu zinazoandikwa, ndipo unashuka ngazi. Kwa mtoto wetu swali hilo halikuulizwa mbele yetu. Tulianzishiwa katikati ya ngazi.

Siamini kwamba darasa la kawaida ni jibu la kila mtoto. Nimewaona watoto wawili waliowekwa humo bila msaidizi, wakakaa nyuma na tableti hadi kengele ya kutoka, na hilo ni kufungiwa mlango kwa namna nyingine. Mtoto kiziwi anayetumia lugha ya alama anaweza kuwa mpweke zaidi kati ya watoto 25 wanaosikia kuliko kwenye shule ya viziwi wenzake. Ninachoamini ni kwamba swali liulizwe kwa sauti, mzazi akiwepo, akielewa.

Tuliomba kikao kipya. Hicho ndicho kikao ninachokumbuka kwa uchungu zaidi.

Sheria inaitaka shule ichukue hatua ili mzazi aelewe kinachosemwa, pamoja na kuleta mkalimani. Tulifika saa nane mchana. Mkalimani hakufika na simu haikupatikana. Mtu mmoja akatoa wazo kwa nia njema: binti yenu yuko darasa la sita hapa jirani, Kiingereza chake ni kizuri, aje atusaidie. Nami nilikubali. Nilikuwa nimeomba ruhusa kazini, sikutaka kupoteza siku.

Akaja mwanangu wa miaka kumi na moja, akaketi kati yetu na watu wazima, akaanza kutafsiri habari za mdogo wake. Alama za vipimo. Asilimia. Kwamba yuko chini ya watoto 99 kati ya 100 wa umri wake. Alitafsiri vizuri, taratibu, mikono yake iko chini ya meza. Mahali fulani mwanasaikolojia wa shule alisema sentensi ndefu, na binti akakaa kimya kidogo, kisha akatuambia, "Anasema atahitaji msaada kwa muda." Jioni kwenye gari, tumesimama kwenye taa nyekundu, akasema, "Baba, sikusema yote." Mwanasaikolojia yule alikuwa amesema huenda mdogo wake asije akajitegemea kamwe. Binti alituambia hakujua Kiswahili cha maneno hayo. Lakini alikijua. Alishindwa kukitamka mbele ya mama yake.

Sijamwita tena kutafsiri. Na nimewaomba wazazi wote ninaowasaidia wasiwaite watoto wao, hata kwa barua ya kawaida kuhusu mdogo wao. Kikao kinaweza kuahirishwa. Kuahirisha si utovu wa adabu.

Hata mkalimani mtu mzima ana kazi ngumu, kwa sababu lugha yetu yenyewe bado inajifunza kuwataja watoto hawa. Kiziwi, kipofu, kiwete, kilema: tumewapanga kwenye ngeli ya viti na vyungu, ingawa tunasema kipofu *anakuja*. Mkalimani mmoja alitamka "kilema" kwenye simu na jirani yangu Mkongo akatoka nje ya chumba. Siku hizi tunasema mtoto mwenye ulemavu, mtoto mwenye usonji, mtoto mwenye mahitaji maalumu. Maneno marefu zaidi, lakini mtoto anakaa mbele. Na nikirudi kwenye lile "maalumu" lililotupoteza, naomba wakalimani wanaosoma hapa wasiishie hapo. Semeni darasa lina watoto wangapi, wa aina gani, liko shule ipi, na mtoto atakula na nani.

Kuhusu hofu, kwa sababu ndiyo ninayoisikia zaidi kuliko kitu kingine. Wengi wananong'ona kwamba ukiwapinga shule watakunyang'anya mtoto au watachunguza karatasi zako. Kuomba mabadiliko kwenye mpango wa mtoto ni haki iliyoandikwa kwenye kijitabu wanachokupa, ambacho unaweza kukiomba kwa lugha yako. Na tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya mwaka 1982 katika kesi ya Plyler, shule za umma haziwezi kumnyima mtoto masomo kwa sababu ya hali yake ya uhamiaji. Kinachonitia hofu mimi ni upande mwingine. Kwa sheria ya taifa sahihi yako ni lazima kabla ya tathmini ya kwanza na kabla ya huduma kuanza kwa mara ya kwanza. Baada ya hapo, katika majimbo mengi, shule ikikupa notisi ya maandishi kwamba inabadili kitu, nawe ukanyamaza, mabadiliko yanaendelea. Ile bahasha uliyoiweka juu ya friji inaendelea bila wewe.

Hapa Ohio utasikia pia juu ya fedha za ufadhili kwa watoto wenye usonji, ambazo mzazi anaweza kuzitumia kwa shule au watoa huduma binafsi. Baadhi ya familia zimenufaika nazo. Ila ukizichukua unaiachilia wilaya kutoka kwenye wajibu wake wa kumpa mtoto elimu inayomfaa, na kinga nyingi nilizozieleza hapa hubaki mlangoni. Uliza vizuri kabla ya kusaini. Kila jimbo lina angalau kituo kimoja cha mafunzo kwa wazazi wa watoto wenye ulemavu kinachofadhiliwa na serikali ya taifa, na huduma zake ni bure, anzia huko.

Mwanangu sasa ana miaka tisa. Yuko darasa la tatu la kawaida asubuhi, na msaidizi. Kusoma na hesabu anakwenda chumba cha msaada. Anakula na darasa lake. Mtaalamu wa lugha sasa anamwona dakika thelathini, mara mbili kwa wiki. Ana maneno mengi sana, mengi ya Kiingereza, na anampigia bibi yake simu kumwambia "shikamoo" kisha anakata kabla hajaitikiwa.

Kwenye kikao cha Aprili mwakilishi wa wilaya alisema kwa kuwa ameendelea vizuri, wanapendekeza mtaalamu wa lugha arudi mara moja kwa wiki. Mkalimani alikuwa amekaa pembeni yangu, mtu mzima, ana kwa ana, nilimwomba kwa maandishi wiki tatu kabla. Nilisubiri amalize. Kisha nikasema hapana, ameendelea kwa sababu ya dakika thelathini mara mbili kwa wiki, nionyesheni takwimu zinazosema hazihitaji. Kukawa kimya. Mke wangu alikuwa ameshika daftari lake la maneno, lile alilolianza kwa maneno manne. Mwakilishi akageuza kurasa, akamtazama mtaalamu wa lugha, naye akatikisa kichwa. Wakaandika mara mbili.

Binti yangu saa hiyo alikuwa uwanjani, mazoezi ya mpira.